Kibali cha Kuvuta Kamba

Iko nchi moja, na jina lake silitaji kwa sababu siku hizi hata yenyewe inaogopa kuitwa. Watu wa nchi hiyo wameruhusiwa kila kitu isipokuwa kukutana bila neno. Ukiwa na neno, kutana upendavyo. Serikali yetu si katili, wenzangu. Serikali yetu inauliza tu kwa upole: mnakutana kwa neno gani?

Na neno lenyewe liwe la Kiingereza.

Jambo hili lina asili yake, nami nitaieleza, maana mimi sisahau. Kusahau ni kazi ya wenye ofisi, nao wanaifanya kwa bidii.

Waziri wa Mikutano, Mheshimiwa Daktari Kinyamazi, alipelekwa ng'ambo kunoa Kiingereza chake. Huko akapewa zoezi, zoezi la watoto tu. Haya hapa maneno ya kukutana, aliambiwa. Yapo ya shughuli rasmi na yapo ya mazungumzo ya marafiki. Weka kila moja kwenye kapu lake. Mheshimiwa akaweka "meet" na "assemble" kwenye kapu la watu waliovaa viatu. "Hang out" na "catch up" akayatupa kwenye kapu la ndala. Mambo yalikwenda vizuri mpaka akafika kwenye "get together". Akalitia kapu la viatu. Mwalimu wake, binti ambaye hakujua anacheza na nani, akaweka alama ya kosa kwa wino mwekundu.

Tangu apate uwaziri hakuna mtu aliyewahi kumwambia mheshimiwa kwamba amekosea. Alirudi nyumbani kabla kozi haijaisha, akapeleka bungeni muswada kwa hati ya dharura, na kabla ya chakula cha mchana ikawa sheria kwamba katika jamhuri yetu yote, nchi kavu, majini na angani, "get together" ni neno la viatu. Wabunge walipiga meza. Mmoja tu, mgeni wa mjengo, alisimama akauliza kwani kuna ubaya gani watu wakisema "kukutana", kama babu zao.

"Mheshimiwa Spika," akajibu waziri, "neno 'kukutana' ni chungu kimoja kinachopikiwa nyama na kuchemshiwa nguo. Mwananchi akisema 'tunakutana', Serikali itajuaje kama anakwenda kunywa chai au kuipindua? Wenzetu wana maneno makavu na maneno malegevu. Lugha isiyotofautisha haiwezi kutawaliwa."

Meza zikapigwa tena. Mbunge yule mgeni sasa hivi ni balozi wetu katika kisiwa ambacho sijakiona kwenye ramani.

Basi ndivyo ilivyo. Watu wakifika watano, wanahitaji neno. Neno likiwa kavu, yaani la kapu la viatu, ombi linapelekwa makao makuu, likasubiri Baraza la Mawaziri lilijadili. Neno likiwa legevu, unapata kibali siku hiyo hiyo dirishani pa wilaya, ilimradi mkutano wenyewe uwe mlegevu kweli: usiwe na kiongozi, usiwe na lengo, watu wasikae kwa mistari, na vinywa viwili visitamke neno moja kwa wakati mmoja. Kuhakikisha hayo, kila wilaya ina Mkaguzi wa Ulegevu mwenye filimbi.

Tulizoea. Kwaya zetu zinaimba kila mtu wimbo wake. Bibi harusi na bwana harusi wanakutana kwa "catch up", na shehe au padri anapita tu kama mtu aliyekuwa na safari zake. Watoto darasani wamekaa wakitazama pande tofauti. Ukija kama mgeni utasema, jamani, watu hawa wanaishi kwa raha.

*

Sasa nije mtaani kwetu, Mtaa wa Bomba.

Jina hilo tulilipata siku Kinyamazi alipokuja kutuzindulia bomba, wakati huo akiwa Waziri wa Maji. Alikata utepe, akahutubia mpaka vivuli vikahama, akafungulia koki. Bomba likakohoa, likatoa mjusi. Mheshimiwa akanywa maji ya chupa aliyokuja nayo, akasema maji yako njiani.

Tuliyasubiri maji hayo kama mtu anavyomsubiri mume aliyekwenda migodini. Mwisho tukasema, hebu tuitazame hiyo njia yenyewe. Tulifunga kamba kwenye bomba, na mchukuzi mmoja, Chande, akaita. Nani asiyejua Chande alivyokuwa akiita? Sokoni, gunia lililowashinda watu wanane lilinyanyuka kwa sauti yake. Mtaani kwetu kamba haivutwi kwa mikono. Inavutwa kwa mdomo, mikono inafuata. Mmoja anaita, "Mzigo huu wa nani?" na wote wanaitika, "Wetu!" na kwenye hilo "wetu" ndipo migongo inapolala nyuma. Asipoita mtu, hata muwe mia, mmeshika kamba tu.

Chande akaita, tukaitika, bomba likang'oka. Lilikuwa na urefu wa mkono. Chini halikuungwa na kitu.

Chande alikwenda jela kwa kuharibu miundombinu ya maji. Alirudi hana meno ya mbele wala hana neno. Salamu yako anaipokea kwa nyusi. Na Kinyamazi, kwa kuwa maji yalimshinda, akapewa wizara ya kutuzuia tusikutane tukamwambia.

Ndiyo maana Mwinjuma akaanza kuchimba visima. Simsifu kwa kuwa ni marehemu, maana hata akiwa hai nilimsema: mbishi, mlafi wa tumbaku, na kila akichimba huwa anaongea na ardhi kama mtu anayegombana na shemeji yake. Lakini mtaa mzima ulikuwa unakunywa mikononi mwake. Anachimba, kisha anateremsha makaravati, zile pete kubwa za zege, moja juu ya nyingine, ili mchanga usirudi.

Siku ile alikuwa chini kabisa ya kisima kipya, karibu na pale lilipokuwa bomba. Pete ya mwisho ikateleza kwenye kamba, ikashuka upande upande, ikambana miguu ukutani. Hakuvunjika. Tulimsikia akiitukana pete, kisha akaitukana kamba, kisha akanyamaza. Aliponena tena sauti ilikuwa nyingine.

"Sikudhani," alimwita mkewe. "Maji yametoka."

Yalikuwa yametoka kweli, ndugu zangu. Maji ambayo Serikali iliyatafuta kwa hotuba yalikuwa yanachuruzika miguuni pa mtu aliyebanwa, na yalikuwa yanapanda.

Mwinjuma mwenyewe aliifunga kamba kwenye pete, maana mikono ilikuwa huru. Juu palikuwa na roda imara, gurudumu la kupitishia kamba. Watu wanne, idadi halali, wakavuta. Pete ikanyanyuka upana wa kiganja, ikarudi palepale. Watu ishirini wakivuta kwa pamoja wangeiondoa mara moja. Mtaa ulikuwa na watu zaidi ya hao, kila mmoja kasimama mlangoni pake, akimtazama Sikudhani.

Utauliza kwa nini hawakuivunja sheria. Nami nitakuuliza kama ulimwona Chande akijaribu kutafuna muwa.

Sikudhani akafunga kanga kiunoni, akaenda dirishani.

*

Njiani alifuatana na shemeji yake, Mwalimu Semkiwa, msomi wa mtaa, ambaye ana kamusi aliyoirithi kwa mmisionari na huilalia kama mto. Semkiwa akamwambia, shemeji, usihangaike, mimi nimeyasoma maneno haya. Sema "get together". Ni neno la watu wanaopendana, halina utisho, duniani kote linahesabiwa legevu. Sikudhani hajui Kiingereza. Alilishika neno lile kama mtu aliyebeba yai kwenye kijiko, akalirudia njia nzima, hakumsalimu mtu lisije likamdondoka. Nyuma yao, mbali kidogo, Chande alifuata.

Dirishani yupo Bwana Tulizo. Sijawahi kuona mtu mpole kama Bwana Tulizo. Wengine wanakunyima kwa ukali, ukapata wa kumchukia. Yeye anakunyima huku anakupa pole mpaka unaona haya kwa kumsumbua.

"Karibu, mama. Pole na jua."

Sikudhani akamweleza. Mume yuko kisimani, miguu imebanwa, maji yanapanda, naomba watu wanivutie kamba.

"Pole sana, mama yangu. Na neno?"

"Get together," akasema Sikudhani, na akalitamka vizuri kuliko waziri.

Bwana Tulizo akafumba macho kama mtu aliyechomwa sindano. "Hilo ni kavu, mama."

"Shemeji yangu ni mwalimu. Kasema legevu."

"Duniani, ndiyo," akasema Bwana Tulizo. "Duniani mwalimu yuko sahihi. Lakini hapa kwetu lilipitishwa."

Akamweleza, kwa masikitiko makubwa, kwamba neno likishatamkwa dirishani halirudi mdomoni. Ombi lake lilikuwa tayari limeanza safari ya makao makuu. Baraza la Mawaziri lingekutana baada ya sikukuu. Aje wakati huo, na aje na ajenda.

Semkiwa akaegemea ukuta, akateremka nao mpaka akakaa chini. Nasikia mpaka leo kamusi ile hajaifungua.

Hapo Chande akasogea, akamsukuma Sikudhani pembeni kwa bega, kama anavyomsukuma mtu aliyesimama mbele ya mzigo. Akaweka mdomo wake wenye pengo kwenye dirisha, na neno lake la kwanza tangu atoke jela likatoka na mate.

"Hang out."

Uso wa Bwana Tulizo ukachanua. Alifurahi kweli, nasema hivi ili mjue kwamba mtu anaweza kufurahi kweli na bado akakuua. Akachukua muhuri. Akauliza swali moja tu, la kawaida, kwa Sikudhani, maana mkutano ulikuwa wake.

"Mnakusanyika kwa lengo gani?"

"Kumtoa mume wa..."

Bwana Tulizo akainua kiganja. "Mama. Sikiliza swali vizuri. Mkiwa na lengo, ni kavu."

Sikudhani akanyamaza. Mimi ninayasimulia haya kwa haraka, lakini kunyamaza kule kulikuwa kurefu, na huko kwenye kisima maji hayakunyamaza.

"Hatuna lengo," akasema.

"Na mumeo?"

"Yupo tu."

"Yupo wapi?"

"Yupo kisimani. Anapumzika."

Muhuri ukapigwa. Bwana Tulizo akamtakia starehe njema.

*

Waliporudi, maji yalikuwa yamemfika Mwinjuma kifuani, na Mkaguzi wa Ulegevu alikuwa amekwisha kufika, kwa kuwa katika nchi yetu mkaguzi ndiye huduma pekee isiyochelewa. Jina lake Lugome. Alileta viti vya plastiki, akavitawanya kwa namna ya kutofuatana. Alileta bisi na soda za moto. Watu wakatoka milangoni mwao, wakashika kamba.

Lugome akapita akikagua. Huyu kasimama wima mno, alegee. Yule ana sura ya kazi, atolewe. Bibi mmoja alikuwa anasema dua chini chini. Akaambiwa dua ni lengo. Sikudhani akaelekezwa atabasamu, na aonyeshe meno, kwa sababu kutabasamu kwa mdomo uliofumbwa kunaweza kuwa kwa kejeli.

Kisha Lugome akasema starehe ina sharti la kicheko, nalo bado halijatimizwa. Watu wakacheka. Umewahi kusikia mtaa unacheka huku umeshika kamba? Usiombe.

Sauti ikatoka chini. "Sikudhani, huko juu kuna sherehe gani?"

"Ni watu, baba Riziki. Wamekuja kukutoa."

"Mbona wanacheka?"

"Ndivyo kibali kilivyo."

"Haya," akasema Mwinjuma. "Waambie wacheke upesi."

Wakavuta. Wakavuta bila mwitaji, kila mtu alipojisikia, kama sheria inavyotaka. Wa mbele alipolala nyuma, wa nyuma alikuwa anapumua. Pete ikapanda kiganja, ikashuka. Ikapanda, ikashuka, na kila ikishuka ilimwangukia miguuni, na kila ikimwangukia tulisikia. Wakajaribu kutazamana machoni ili waende pamoja. Lugome akapiga filimbi, akasema kutazamana kwa mpango ni kikao.

"Mnavuta kama watu wanaofukuza inzi," Mwinjuma akasema. Maji yalikuwa yanamfanya aseme maneno mafupi. "Chande yupo?"

"Yupo," akajibu mkewe.

"Mwambie aite."

Watu wote wakamtazama Chande. Alikuwa ameshika kamba mbele kabisa, mishipa ya shingo imemtoka. Akafungua mdomo. Tuliliona pengo. Tuliuona hata ulimi unavyotafuta pa kuanzia. Chande akamtazama Lugome, akaitazama filimbi, na sijui mle jela walimfanya nini na filimbi, maana mdomo ulibaki wazi na sauti haikuja. Machozi yalikuja, lakini machozi hayanyanyui zege.

Mwinjuma alisubiri kidogo. Halafu akaita mwenyewe, kutoka shimoni, na kisima kikaikuza sauti yake ikawa kama ya watu kumi.

"Mzigo huu wa nani?"

"Wetu!"

Ilitoka tu. Mtu hawezi kuizuia, ni kama kupiga chafya. Migongo ikalala, kamba ikalia kwenye roda, pete ikapanda mpaka magotini pa Mwinjuma. Tukamsikia akisema, hivyohivyo, hivyohivyo, bado moja.

Filimbi.

Lugome alikuwa ametoka jasho. Vinywa viwili, neno moja, alisema. Na hapa si viwili, ni mtaa. Watu wenye bunduki walishuka kwenye gari lililokuwa limeegeshwa kwenye kona, maana starehe zetu hulindwa. Kamba ikalegea. Pete ikarudi.

Sikudhani akapiga magoti mbele ya mkaguzi. Hakulia. Aliuliza, na mimi nilikuwa karibu nikasikia, kama mtu aliye chini ya ardhi naye ni mjumbe wa mkutano. Lugome akakuna kichwa. Ni mtu anayeheshimu sheria. Aliifikiria hoja ile kwa haki. Akaamua kwamba kibali kinahusu walio juu. Aliye chini hayumo. Anaweza kuita atakavyo.

"Ila ninyi," akasema, "msiitike."

Basi Mwinjuma akaita. "Mzigo huu wa nani?"

Hakuna aliyeitika. Kuna mtu alijiuma kidole mpaka damu.

Akaita tena, na safari hii lilikuwa swali kweli. Mtu anayeuliza anataka kujua. Alidhani hatumsikii, au alidhani tumeondoka. "Mzigo huu wa nani?" Mkewe alilala kifudifudi mdomoni pa kisima, akawa anamwambia tupo, baba Riziki, tupo, tupo. Lakini kusema "tupo" si kuitika, na kamba haiielewi.

Akaita mara ya mwisho. "Mzigo huu wa..."

Maji yakamalizia.

Watu walibaki wameshika kamba. Lugome akangoja kwa adabu, kisha akasema kwamba kwa kuwa sasa watu wanalia, na wanalia kwa pamoja, starehe imekwisha. Akakusanya viti vyake. Soda zilizobaki akatuachia.

Jioni ileile ilikuja winchi ya manispaa. Ndiyo, ilikuwepo siku zote, nyuma ya ofisi, chini ya turubai. Haikuja kwa ajili ya Mwinjuma. Ilikuja kwa sababu taarifa zilikuwa zimefika juu kwamba Mtaa wa Bomba umepata maji, na maji ni mali ya Serikali. Winchi ikanyanyua pete kama mtu anayenyanyua kofia. Mwinjuma akatolewa ili asichafue chanzo.

*

Kesho yake tulikuwa na mambo mawili. Sikudhani alikuwa na maziko. Serikali ilikuwa na uzinduzi: Mheshimiwa Kinyamazi angekuja kukata utepe wa kisima, na hotuba ilikwisha kuandikwa, nasikia ilikuwa na maneno "hatimaye" na "ahadi".

Kwetu jeneza halichukuliwi na watu wanne. Linapita mikononi. Hujalibeba hatua tatu, mwingine kashaingiza bega, nawe unatoka unakwenda mbele kulipokea tena. Linakwenda kama linaogelea juu ya watu, na marehemu hajui nani alimbeba, maana wote walimbeba. Mwinjuma alibebwa na wanne. Chande, Mwalimu Semkiwa, na majirani wawili. Mtu wa tano angeingiza bega, ungekuwa mkutano. Kwa hiyo mtaa mzima ulisindikiza kwa ujanja wa sheria: mmoja mmoja, wanne wanne, kwa nafasi, huyu kasimama kununua vocha, yule kainama kufunga kiatu, yule kasimama katikati ya barabara akisoma gazeti alilolishika juu chini.

Njia ya makaburini inapita wilayani. Walipofika mbele ya dirisha mabega yaliwaisha nguvu. Wakalitua jeneza chini, vumbini, mlangoni pa ofisi. Kupokezana hakuna. Sikudhani akaenda dirishani kuomba kibali cha kumzika mumewe na watu.

"Pole sana, mama yangu," akasema Bwana Tulizo. Macho yalikuwa mekundu. Nadhani hakulala, na sitamnyima hilo. "Na neno?"

Sikudhani akageuka kulitazama jeneza.

"Usiseme lile nililolipigia muhuri jana. Wala lile la shemeji." Akashusha sauti, akawa anamsaidia, jambo ambalo si kazi yake. "Sema 'catch up'. Ni legevu. Nitakupa sasa hivi."

"Na watu itabidi wacheke?"

"Kidogo, mama. Kidogo tu."

Sikudhani hakusema kavu, hakusema legevu. Alikunja mikono juu ya kizingiti cha dirisha, akaweka kichwa juu ya mikono, akabaki hapo. Foleni haikuwepo nyuma yake. Ilikuwepo barabara nzima ya watu ambao hawajakutana.

Ndipo ving'ora vikasikika. Msafara wa mheshimiwa ulikuwa unakuja kwenye uzinduzi, na barabara haipitiki, kuna kitu mlangoni pa ofisi ya wilaya. Simu ya Bwana Tulizo ikalia. Sijui aliambiwa nini, lakini upole wote wa miaka mingi ulimwagika pale pale kama uji kwenye sahani iliyoinama. Akatoka mbio, tai imegeuka nyuma, akajikwaa kwenye jeneza, akaanguka, hakutazama ni nini, akainua uso na kuifokea barabara.

"Mzigo huu wa nani?"

Hakuna kitu kilichotikisika. Gazeti halikutikisika. Hata ving'ora, ningeapa, vilikaa kimya kusikiliza.

Kisha, karibu kabisa na jeneza, mdomo wenye pengo ukasema, si kwa nguvu, kama mtu anayejaribu mguu uliokuwa na ganzi.

"Wetu," akasema Chande.

Na barabara yote, wanunua vocha, wafunga viatu, wasoma magazeti, walio mlangoni na walio madirishani, ambao walikuwa wamelimeza neno lile tangu jana na likawakwama, wakalitoa.

"Wetu!"

Mikono haikuuliza kibali. Mikono yetu ilifundishwa kwamba penye neno hilo pana kazi. Jeneza likanyanyuka kutoka vumbini kabla Bwana Tulizo hajajinyanyua.

"Nimeuliza," akapiga kelele, maana hakuelewa, alidhani hawakumsikia, "mzigo huu wa nani?"

"Wetu!" Jeneza likasonga. Mabega yakaingia, mabega yakatoka.

Alilikimbilia. Alitaka kulisimamisha, na chombo pekee alichokuwa nacho ni lile swali. Kazi yake yote ilikuwa kuuliza. Akauliza mbele ya msikiti, jeneza likavuka msikiti. Akauliza darajani, likavuka daraja. Akauliza kwenye kilima cha makaburi huku hana pumzi, sauti imempasuka, na tulipanda kilima kile kwa sauti yake. Sijawahi kumsikia mwitaji bora baada ya Chande. Msafara wa waziri ulisubiri nyuma yetu, injini zinanguruma, mheshimiwa ndani ya kioo cheusi akinywa maji ya chupa.

Mwinjuma akazikwa. Sikudhani alitupa udongo, akapangusa mikono, akamtazama Bwana Tulizo aliyekuwa amekaa kwenye udongo mwekundu na kiatu kimoja. Akamwambia kitu kimoja tu.

"Ahsante kwa kuita."

Kwa maneno hayo, yaliyosikiwa na walinzi wa msafara, mashahidi wenye bunduki, Bwana Tulizo alikamatwa. Sisi hatukuguswa siku ile; sheria iko wazi, mwenye kosa ni kiongozi. Kisima kilizinduliwa jioni. Kina uzio sasa, na mlinzi, na utepe. Sisi tunakunywa ya mvua.

Anayemhoji Bwana Tulizo ni Lugome, amepandishwa cheo. Nasikia kila siku anamuuliza swali moja, kwa upole, na anampa pole kwanza: mkutano ule uliouongoza, ulikuwa mkavu au mlegevu? Na Bwana Tulizo, ambaye maneno yote mawili yalipita mikononi mwake maisha yake yote, amekaa akifikiri, akifungua mdomo na kuufunga. Wiki iliyopita aliomba ruhusa ajibu kwa Kiswahili.

Ombi lake limepelekwa makao makuu.